Prosesa mpya za AMD na Intel: bei ya Marekani, bei ya Nairobi, na bei tunayotajiwa Nakuru na Kisumu (Aprili 2025)

Kijana wa Lanet

Wadau wa Nakuru, Kisumu, Kakamega na viunga vyake, leo tuongee bei. Tangu Novemba swali ninaloulizwa zaidi ni moja tu: Ryzen 7 9800X3D, ile prosesa ya AMD ya gemu, imefika Nakuru? Haijafika. Kuna maduka mawili matatu pale Kenyatta Avenue yameibandika kwenye kurasa zao za Facebook, picha safi kabisa, ila ukiingia dukani unaambiwa utangulize nusu ya pesa ndipo "mzigo upandishwe gari". Maana yake hawana. Hiyo nusu yako ndiyo inayokwenda kuitafuta Nairobi, na ikikosekana utazungushwa wee kabla ya kuona M-Pesa ikirudi.

Ili mtu asipunjwe, lazima kwanza ajue bei za uzinduzi. AMD walitangulia Agosti 2024: Ryzen 5 9600X kwa dola 279 na Ryzen 7 9700X kwa dola 359, kisha wiki iliyofuata 9900X kwa 499 na 9950X kwa 649. Intel wakaja Oktoba 24 na Core Ultra zao: Ultra 5 245K dola 309, Ultra 7 265K dola 394, Ultra 9 285K dola 589. Novemba 7 ikatoka hiyo 9800X3D inayosumbua watu, dola 479. Na mwezi uliopita, Machi 12, zikatoka 9900X3D kwa 599 na 9950X3D kwa 699.

Sasa hapa ndipo watu wengi hukosea hesabu. Mtu anachukua 479, anazidisha kwa 129, anapata elfu 61 na ushei, halafu anaingia dukani kugombana na muuzaji anayemtajia elfu 80. Bei ya Marekani hutangazwa bila kodi. Kule kodi huongezwa wakati wa kulipa, kulingana na jimbo. Kwetu ushuru wa forodha wa Afrika Mashariki kwa vipuri vya kompyuta ni sifuri, lakini kuna ada ya tamko la uagizaji asilimia 2.5, tozo ya reli ambayo Desemba ilipandishwa kutoka 1.5 hadi 2, na VAT asilimia 16. Jumla ni kama asilimia 20 na nusu. Kwa hiyo badala ya 129, zidisha dola kwa 155. 9800X3D inakuwa takriban 74,200, 9600X 43,200, 265K 61,000, na 9950X3D 108,000. Hapo bado hujaweka usafiri wala faida ya muuzaji. Anayekutajia elfu 80 kwa 9800X3D hakuibii. Anayetaja laki moja, mwambie asante na uende zako.

Hesabu hiyo ina kasoro moja, na ni kasoro ya kukufaidi wewe. 9600X na 9700X hazikushikilia bei zao. Miezi michache tu baada ya kutoka zilikuwa zinauzwa Marekani chini ya bei ya uzinduzi. Anayekuuzia 9600X leo kwa bei ya Agosti anakula tofauti. Hivi majuzi niliipigia simu kote: Nairobi, mitaa ya Moi Avenue, wakaniambia elfu 38, Nakuru 42, Kisumu 45. Chipu ni ile ile, na kifurushi chake ni chepesi kuliko pakiti ya unga. Kuituma kwa Molo Line au Easy Coach hakuwezi kugharimu elfu saba.

Kingine cha kuwauliza ni dola wanayotumia. Mapema mwaka jana dola iligusa 160 kabla ya kurudi kwenye 129. Kuna wauzaji ambao bei zao zilipanda pamoja na dola lakini kushuka hazikushuka.

Kuhusu upatikanaji: zile za X3D zimekuwa adimu duniani kote, si kwetu pekee. Zina kache ya ziada (kumbukumbu ndogo ya kasi) iliyobandikwa chini ya kore, zile sehemu zinazopiga hesabu, wacheza gemu wanazigombania, na Core Ultra za Intel zilipotoka zikashindwa kwenye gemu hata na ndugu zao wa kizazi cha 14, wateja wote wakahamia upande mmoja. Kenya mzigo mwingi unapitia Dubai, na kinachofika Nairobi huwa kimeshalipiwa na watu waliojiandikisha. Core Ultra kwa upande wake zipo tele. Tatizo lake ni kwamba inakulazimu ununue mothabodi ya soketi mpya, LGA1851, pamoja na RAM ya DDR5.

Karibuni. Taja mji, prosesa, bei uliyoambiwa, na kama uliiona kwa macho au uliambiwa tu.

Fundi Kondele

Mkubwa umeongea ukweli, ila umeruka mothabodi, na huko ndiko vijana wanakoumia.

AM5, soketi ya hizi Ryzen mpya, ilitoka Septemba 2022. Bodi za B650 na A620 zilizotengenezwa kabla ya katikati ya mwaka jana hazizitambui prosesa za 9000 hadi BIOS yake (programu ndogo inayoiwasha bodi) isasishwe. Huku Kisumu bodi nyingi zilizoko dukani ni za mzigo wa zamani. Mteja ananiletea 9600X mpya na B650 mpya, naziunganisha, feni zinazunguka, skrini nyeusi. Anaanza kuniangalia kama mwizi.

Kabla hujalipa, geuza bodi uangalie nyuma, pale kwenye milango ya USB. Kama kuna kitufe kidogo kimeandikwa Flashback, nunua: unaweka faili la BIOS kwenye flashi, unachomeka umeme, unabonyeza, unasubiri kataa kawake-wake hadi kazimike, na hauhitaji prosesa kabisa. Kama hakuna kitufe, muulize muuzaji akusasishie yeye mwenyewe kabla ya kuituma. Huku mashambani kupata fundi mwenye Ryzen 7000 ya akiba ya kufanyia kazi hiyo ni kubahatisha. Mimi ninayo moja, na haitoki kwenye droo yangu bila mimi.

Na jambo la pili: 9600X, 9700X na 9800X3D hazina feni ndani ya boksi. Ryzen 5 7600 inayo. Ongeza hiyo kwenye hesabu ya 155.

mwanachuo_maseno

Niaje wakubwa. Mi bajeti yangu ni elfu 45 kwa prosesa, bodi na RAM, zote tatu. Nina kadi ya picha ya RX 580 na skrini ya hertz 60. Nacheza FIFA na GTA basi. Nivumilie hadi nipate 9600X?

Kijana wa Lanet

@mwanachuo_maseno usivumilie chochote. Kwa RX 580 na skrini ya 60, 9600X na Ryzen 5 5600 zitakuonyesha picha ile ile; kinachokubana ni kadi. Chukua 5600 na bodi ya B450 au B550, RAM ya DDR4 gigabaiti 16, na chenji ibaki. AM4, soketi ya hiyo 5600, iko sokoni tangu 2017 na ndiyo maana vipuri vyake unavipata hadi Luanda. Kitakachobaki weka kando cha kubadilishia kadi.

Fundi Kondele

Naongezea hapo: 5600 haina sehemu ya kutoa picha ndani yake. Kadi yako ikifa siku moja, kompyuta nzima imelala. Yenye picha ni 5600G, lakini kwa gemu na kadi pembeni ni dhaifu kidogo kwa sababu kache yake ni nusu. Wewe una kadi, kaa na 5600.

Na ukiichukua mkono wa pili, iangalie miguu. AM4 ina miguu kwenye prosesa yenyewe, zaidi ya elfu moja, myembamba. Ikisafiri kwenye bahasha bila lile sanduku lake la plastiki lazima miguu ipinde. Ninainyoosha kwa penseli ile ya kubonyeza, ikiwa haina risasi: ule mdomo wa bomba unaingia kwenye mguu mmoja mmoja, unaurudisha taratibu ukilinganisha na safu yake. Ukivunjika umevunjika. Wengine huharibu wakati wa kung'oa feni: grisi iliyo kati ya feni na prosesa imekauka, mtu anavuta juu kwa nguvu, prosesa inatoka na feni huku soketi bado imefungwa. Washa mashine ipate joto kidogo, zima, kisha zungusha feni kushoto kulia kabla ya kuinyanyua.

Saiba ya Njoro

Nyinyi mnaongea elfu 80, mimi nina saiba karibu na Egerton, mashine zangu ni i5 za kizazi cha 6. Wanafunzi wanaandika kazi, wanachapisha, wanajaza fomu za mkopo wa HELB. Kijana mmoja muuzaji amenishauri nibadilishe zote niweke Core Ultra 5 kwa sababu Windows 10 inakufa. Ni kweli au anataka kuniuzia?

Kijana wa Lanet

@Saiba ya Njoro yote mawili, mama. Mwisho wa Windows 10 kusasishwa ni Oktoba 14, 2025, hilo ni kweli. Windows 11 inataka Intel kizazi cha 8 kwenda juu au Ryzen 2000 kwenda juu, pamoja na TPM 2.0 (chipu ya usalama), kwa hiyo kizazi cha 6 hakiingii kihalali. Lakini kutoka hapo hadi Core Ultra mpya ni kuruka mto mzima wakati kuna daraja. Tafuta zile kompyuta za ofisi zilizotumika Ulaya, Dell OptiPlex au HP EliteDesk zenye i5-8500. Zina kore 6, picha zimo ndani, umeme zinakula kidogo, na Mburu Gichua Road utazipata zimepangwa kama matofali. Muuzaji aiwashe mbele yako, afungue mipangilio, uone imeandikwa 8500. Stika ya nje usiiamini.

Saiba ya Njoro

Asante mwanangu. Nilikuwa nimeshaanza kuongea na chama kuhusu mkopo.

Harusi HD Kakamega

Habari zenu. Mimi ni mpiga video za harusi na matanga, nahariri mwenyewe. Kamera yangu inatoa faili za H.265 za biti 10, 4:2:2, yaani video zilizobanwa sana lakini zenye rangi nyingi. Kwa mashine niliyonayo ya Ryzen kila nikigusa faili inakwama. Watu wote wananiambia AMD ndiyo mfalme sasa, ninunue 9950X, na hapa uzini naona Intel mnaipiga mawe. Nisaidieni kabla sijatoa pesa ya watu.

Fundi Kondele

Dada, kwako wewe jibu ni kinyume cha wacheza gemu. Usinunue 9950X.

Faili za 4:2:2 za biti 10 ni kisirani. Kadi nyingi za grafiki haziwezi kuzifungua kwa chipu yao, kwa hiyo kazi yote inaangukia kore za prosesa, nazo zinahema. Ile sehemu ya picha iliyomo ndani ya Intel, wanayoiita Quick Sync, inazifungua moja kwa moja tangu kizazi cha 11. Ryzen haina uwezo huo. Kwa hiyo Ultra 7 265K itakufanya usogeze video kama unapekua gazeti, na bei yake ni kama asilimia 61 ya bei ya 9950X tukirudi kwenye dola: 394 kwa 649.

Ila sikiliza vizuri: chukua 265K, *si* 265KF. Hiyo F maana yake sehemu ya picha imezimwa, na Quick Sync imekwenda nayo. KF huwa nafuu kidogo na muuzaji atakusukumia akisema "si una kadi tayari". Kataa.

Kijana wa Lanet

Naunga mkono. Na hii ni prosesa mpya kwenye orodha yangu ambayo ukiiulizia Nairobi asubuhi unaweza kuipokea Kakamega kesho yake. Hakuna anayeigombania.

RAM weka gigabaiti 32 angalau, vipande viwili vya 16, usikubali kimoja cha 32.

Harusi HD Kakamega

Aisee. Hakuna duka hata moja lililoniuliza natumia kamera gani.

Jicho la Nyalenda

Mimi nina malalamiko. Niliagiza 7600 kutoka duka moja Nairobi, sitalitaja. Kikaja kipande cha plastiki na prosesa ndani, hakuna boksi, hakuna feni. Nikapiga simu, wakasema "hiyo ni tray, ndiyo maana ilikuwa nafuu". Waranti? Wakasema miezi mitatu, niilete mwenyewe. Kutoka Kisumu nipande gari hadi Nairobi kwa ajili ya prosesa!

Fundi Kondele

Pole ndugu yangu. Hizo za tray ni zile ambazo kiwanda huuzia makampuni ya kuunganisha kompyuta, zinakuja nyingi kwenye sahani moja. Prosesa yenyewe ni halali na inafanya kazi kama nyingine. Kinachokosekana ni feni na ile waranti ya miaka mitatu ya kiwanda inayokuja na boksi. Unabaki mikononi mwa muuzaji. Wauzaji wa haki husema mapema na hupunguza bei. Siku nyingine uliza kabla ya kutuma pesa: ya boksi au ya tray? Akujibu kwa maandishi, WhatsApp inatosha.

Na kwa wote: ukifika ofisi ya mizigo ya basi, fungua kifurushi hapo hapo kaunta ukijirekodi video, kabla ya kutia sahihi. Mwenye foleni nyuma akikasirika, akasirike.

Kuhusu boksi lenyewe: za AMD zina kidirisha pembeni, unaona prosesa. Namba ya serial iliyochongwa juu ya chuma ilingane na ya kwenye stika. Na kwa hizi za AM5, chini yake ni bapa, vidoti vya dhahabu tu, miguu iko kwenye soketi. Kuna mtu alifungua boksi la 9800X3D akakuta prosesa ya zamani ya AMD FX, yenye miguu chini. Ukiona miguu chini ya kitu kinachoitwa 9800X3D, rudisha siku hiyo hiyo.

Kipchumba wa Molo

Kuna jamaa ananiuzia i7-13700K iliyotumika, bei ya kutupa. Nichukue?

Kijana wa Lanet

@Kipchumba wa Molo muulize kwanza kwa nini anaitupa. Kizazi cha 13 na 14 cha Intel, hasa hizi za K, kilikuwa na tatizo la volti kupanda kupita kiasi, prosesa inachakaa polepole hadi programu zinaanza kuanguka zenyewe. Marekebisho yalitoka Agosti na Septemba mwaka jana kupitia BIOS, lakini yanazuia madhara mapya tu. Iliyokwishachakaa haiponi. Intel waliongeza waranti hadi miaka mitano kwa zile za boksi, kwa hiyo akiwa na boksi na risiti, zungumza naye. Akiwa na prosesa mkononi na hadithi, achana naye. Ukitaka Intel ya karibu na hizo kwa amani, i5-12400 ni ya kizazi cha 12 na haimo kwenye mkasa huo.

Jicho la Nyalenda

Na joto? Huku kwetu saa nane mchana chumba kinafika digrii 30 bila kuombwa. 9800X3D si itachemka?

Fundi Kondele

9800X3D ni wati 120 kwa makaratasi, ikikazwa inafika 162. Kwa feni nzuri ya mnara haina shida, hata Kisumu. 285K ndiyo ya kuogopa, inaweza kuvuta hadi 250. 9600X ni 65, inapoa kwa feni ya kawaida. Shida yetu kubwa ni stima kuliko joto: ikikatika na kurudi ghafla inaua pawa saplai, na pawa saplai ya bei rahisi haifi peke yake. Weka UPS, ile betri ya akiba. Pesa ya 9800X3D bila UPS, sijui niseme nini.

mwanachuo_maseno

Nimeongea na duka la hapa Kisumu, wana 5600 ya boksi kwa elfu 17, nimeiona kwa macho. B450 wanasema ipo Nairobi.

Kijana wa Lanet

@mwanachuo_maseno 17 si mbaya. Prosesa lipia, bodi usitangulize kitu. Fundi si ana B450 za mkono wa pili?

Fundi Kondele

Ninazo mbili, moja nafasi moja ya RAM imekufa. Aje Jumamosi na prosesa yake, tuijaribu kwenye ile nzima kabla hajalipa. BIOS yake nimeshaiweka ya 5000.

Wa Bungoma

Samahani nimechelewa kuingia. Vipi laptopu zenye Ryzen AI, bei zake zikoje?

Kijana wa Lanet

@Wa Bungoma hizo zina mambo yake, mkuu. Fungua uzi wake, nitakuja.